Nukta Tatu Nyuma ya Diski

Kwa miaka kumi na moja Nukta alimngoja Kalamu ateleze, na siku Kalamu alipoteleza kweli, habari ililetwa na muuza mayai.

Muuza mayai mwenyewe alikuwa dada yake toka nitoke, yule aliyemfuata kwa kuzaliwa. Asubuhi hiyo alisimamisha kigari chake cha kubebea trei mbele ya kibanda ambamo kaka yake alitengeneza baiskeli na mikokoteni, akashuka ameshika karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya aliyekufa.

"Kaka, nisomee hii. Ni makadirio ya breki. Niambie kama ni bei ya haki au napigwa."

Nukta alifuta mikono, akaichukua. Hakufika hata kwenye bei. Macho yake yalinasa juu, kwenye mhuri wa gereji ya Kalamu. Akaiweka karatasi juu ya benchi polepole, kana kwamba ingelipuka.

"Kati ya gereji zote za mji huu!"

"Ilikuwa karibu. Pedali ilikuwa inazama, nikaogopa."

"Bora ungelisukuma gari kwa kichwa kuliko kuingia kwa yule mtu."

"Sawa, ningelisukuma, nawe ungekuja kunisaidia? Soma, kaka. Mayai hayanisubiri."

Karatasi ilikuwa na mistari minne. Pedi za mbele. Diski mbili za mbele. Silinda mbili za breki za nyuma. Kazi ya fundi. Dada mtu alikuwa amezoea kupima kila kitu cha duniani kwa trei za mayai, hata ada ya shule na mahari, na alikuwa ameshafanya hesabu yake pembeni kwa penseli: diski peke yake zilimeza trei tisini.

"Trei tisini!" alisema. "Kuku wangu wangejua wangegoma."

Nukta hakucheka. Mawazo yake yalikuwa mbali, miaka kumi na moja nyuma.

Mwaka ule alikuwa fundi wa breki katika gereji hiyohiyo, na hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa na kawaida yake. Akifungua gari na kukuta kifaa kimekufa, hakukitupa pembeni kikachanganyika na vizima. Alichukua panchi, kile kichuma chenye ncha cha kutia alama, akakipigia kifaa nukta tatu kwa nyuma, zimekaa pembetatu. Maana yake ilikuwa moja: hiki kimekwisha, asikirudishe mtu. Mwenye gereji hakuijua kawaida hiyo, maana hakujua mengi. Alikuwa mtu wa mauzo aliyenunua gereji. Mafundi walimwita Kalamu kwa sababu kalamu haikumtoka sikioni, na spana haikuwahi kumwingia mkononi.

Siku moja likaletwa gari la Mwalimu, mstaafu mmoja mpole aliyekuwa akienda kumwona mwanawe safari ya mbali. Diski ya mbele, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, ilikuwa na ufa uliogawanyika mara mbili, kama panda ya manati. Nukta aliivua, akaitia nukta zake tatu, akaagiza nyingine stoo, akaenda zake nyumbani. Stoo hakukuwa na nyingine. Kulipokucha, kabla Nukta hajafika kazini, Kalamu akaamuru ile ya zamani irudishwe, akamtoza Mwalimu bei ya mpya, akamwambia safari njema. Kwenye kona ya pili gari halikusimama. Mwalimu aliugonga ukuta, mguu wa kulia ukavunjika mahali pawili.

Polisi walipokuja, Kalamu alisimama na kalamu yake sikioni, uso wa huzuni kama mfiwa. "Fundi wangu alisahau kubadilisha," alisema. "Nimeshamfukuza."

Nukta alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Itafuteni diski, alisema, tazameni nyuma, mtaona nukta tatu. Lakini gari lilikuwa limeshavutwa mpaka gerejini kwa Kalamu, na diski haikuonekana. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likafa. Mtaa mzima wa magereji ukamwita Nukta. "Nukta, vipi, umeziona?" "Nukta, tafuta chini ya kitanda!" Hakuna gereji iliyomchukua. Lakini dhihaka alizizoea. Kilichomkata maini ni Mwalimu, ambaye kila akimwona mbele yake alivuka barabara, akikokota mguu, akipitia upande wa pili.

"Kaka? Umelala wima?"

"Wamekuonyesha hizo diski mbovu?"

"Wamenionyesha moja, nikaipiga picha." Akatoa simu. "Waliniambia, mama, mshukuru Mungu wako u mzima. Wakanifungia za kuazima niende nikatafute hela."

Nukta akaisogeza simu kwenye mwanga. Mkono wa fundi ulikuwa umeshika diski yenye kutu, na juu yake palikuwa na ufa uliogawanyika mara mbili, kama panda ya manati.

Akaitazama tena, akaitazama tena.

"Gurudumu lako lina nati ngapi?"

"Nne."

"Hesabu matundu ya hiyo diski."

Dada mtu akahesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu, nne... tano." Akarudia kuhesabu. "Kaka, tano?"

"Hiyo diski haijawahi kukaa kwenye gari lako hata siku moja. Haingii. Ni kama kukuvisha kiatu cha tembo." Nukta akaanza kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kukisikia. "Aliificha siku ile polisi wasiione. Halafu akaona ufa wake unatisha vizuri, akaifanya chombo cha kazi. Kila mtu anaonyeshwa hiyohiyo. Nukta zangu alizichukulia kama porojo, na kwa sababu hajawahi kufunga diski maishani mwake, hajawahi kuigeuza akaona nyuma!"

Akapiga jeki upande wa mbele, akafungua gurudumu la kwanza, kisha la pili. Diski zilikuwa nene, safi, zile zilizokuja na gari. Kutu ya miaka ilikuwa imezigandisha kwa ndani, kwenye vyuma vya kushikia magurudumu. Hakuna aliyezivua wala kuazima chochote. Pedi zilikuwa zimeliwa nusu. Kila alichokiona kilimwongezea moto.

"Uongo," alisema. "Uongo mtupu, mwanzo mpaka mwisho."

"Na pedali kuzama?"

"Woga waliokutia."

"Ilizama kabla sijaenda kwao, kaka."

Nukta akainama kutazama gurudumu la nyuma. Ndani ya rimu, kwa chini, palikuwa na unyevu. "Hapa pamelowa nini?"

"Labda maji. Jana niliosha, trei mbili zilinipasukia."

Fundi wa breki, hata aliyefukuzwa, angegusa pale kwa kidole na kunusa. Angeivua drami, ile ngoma ya chuma inayofunika breki ya nyuma, hata kama imeshikana na kutu na kuivua ni kazi ya nusu saa na nyundo. Nukta alijua hivyo. Lakini moyoni mwake alikuwa ameshasimama mbele ya Kalamu, na watu wamemzunguka, na nusu saa ilikuwa ndefu kuliko ile miaka kumi na moja.

"Tutaifungua tukirudi," alisema. "Mwalimu bado unampelekea mayai?"

"Kila Jumamosi, trei moja."

"Leo mpelekee na mimi."

Akaingia nyuma ya kibanda, akavaa shati lake jeupe la mambo makubwa, lile la harusi na misiba. Dada yake alimtazama juu mpaka chini.

"Nilikuuliza kuhusu breki, kaka. Sikukuuliza kuhusu Kalamu."

"Ni kitu kimoja," Nukta akajibu.

Mwalimu hakufurahi kumwona mlangoni pake. Alisikiliza akiwa amesimama, fimbo mkononi, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akamrudishia muuza mayai simu yake.

"Naingia garini kwa heshima ya dada yako," alisema. "Wewe sijakusamehe."

"Sijaja kuomba msamaha, Mwalimu. Nataka uone kwa macho yako."

Basi wakaondoka. Mwalimu alikaa mbele na fimbo katikati ya magoti. Nukta alichuchumaa nyuma kati ya trei, akizishika kwa mikono yote miwili, na kichwani akipanga maneno. Ataanza na hili, atamalizia na lile. Alishaona jinsi kalamu itakavyodondoka sikioni. Njia ya kwenda kwenye mtaa wa magereji ni mteremko mrefu, na kwenye mteremko huo, wakikaribia chini, lori lilikuwa likirudi nyuma kutoka kwenye uwanja wa ujenzi.

Dada yake akakanyaga. Nukta akasikia pedali ikigonga sakafu.

"Kaka! Haikamati!"

"Kanyaga tena! Tena, tena, pampu! Gia ya pili!"

"Haikamati!"

"Vuta breki ya mkono! Ingia mchangani, ingia mchangani!"

Kigari kililia, kikaruka ukingo wa barabara, kikachomeka pua kwenye rundo la mchanga wa ujenzi na kusimama kwa kishindo. Trei kumi na mbili zilimshukia Nukta kichwani.

Mchanga ulichuruzika taratibu juu ya boneti. Dada mtu alikuwa ameushika usukani kama anataka kuung'oa. Mwalimu aliligusa goti lake la kulia, akalipapasa chini mpaka kwenye kifundo, akaona ni zima. Ndipo akasema, bila kugeuka:

"Mara ya pili."

Nukta aliyasikia maneno hayo mpaka kwenye mifupa. Alishuka, ute wa mayai ukimtiririka shingoni, akalala chini kando ya gurudumu la nyuma. Akapitisha kidole ndani ya rimu, akanusa. Hayakuwa maji. Yalikuwa mafuta ya breki, na yalikuwa yamelowesha tairi lote kwa ndani.

Mstari wa tatu wa karatasi. Silinda za nyuma. Kalamu alikuwa amesema kweli.

Angeweza kusema mengine. Angeweza kusema gereji ndiyo iliyozilegeza makusudi, na wote wawili wangemwamini, maana ile picha ilikuwa imeshawatia shaka na Kalamu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imeiva. Na ilikuwa na sauti ya Kalamu: fundi wangu alisahau.

Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Silinda inavuja. Iliandikwa kwenye karatasi, na dada alinieleza pedali inazama, na unyevu niliuona. Sikufungua. Nilikuwa na haraka ya kuja huku. Nimewapakia kwenye gari bovu, Mwalimu. Ni mimi, si mwingine."

"Nilikwambia," dada yake akasema. "Nilikwambia inazama, ukaniambia ni woga."

"Uliniambia."

"Ungenizika kwa shati hilohilo!"

Mwalimu alimwangalia, mayai kichwani, mayai kwenye nyusi, kipande cha ganda kimekaa begani kama cheo cha jeshi.

"Gereji yenyewe ni ile pale?" akauliza.

"Ni ile."

"Basi twende kwa miguu. Nimeshafika."

Kalamu alikuwa amesimama kwenye geti la gereji yake, mwili umeongezeka, kalamu palepale. Kwenye benchi la wateja waliketi watu watano au sita wakisubiri magari yao. Alipowaona watatu hao wakivuka barabara, mmoja anachechemea na mmoja anachuruzika, alitabasamu mpaka magego.

"Karibu, mama, umerudi! Na huyu umemtoa kwenye kikaango gani?" Wateja wakacheka. Kalamu akawageukia, amenoga. "Huyu bwana mnamjua? Nilimfukuza kazi hapa kwa kuvunja mguu wa mteja. Leo naona ameanza kuvunja mayai."

Wakacheka zaidi. Nukta akangoja wamalize.

"Tunaomba kuiona diski ya dada," alisema.

"Ipo. Mleteeni mama diski yake!"

Fundi mmoja akaileta akiwa ameikumbatia. Kalamu akaipokea kwa kitambaa asichafuke.

"Hii imetoka kwenye gari lake?" Nukta akauliza.

"Imetoka."

"Gurudumu gani?"

"La mbele, kushoto."

"Una uhakika, bwana? Isije ikawa imechanganyika na ya mtu."

"Kijana, nimekuwa kwenye kazi hii miaka ishirini. Nikisema imetoka kwenye gari la mama huyu, imetoka."

"Gari la mama huyu liko pale mchangani, wote mnaliona. Lina nati nne. Hesabuni matundu ya hiyo diski."

Watu wa benchi wakasogea. Kuhesabu mpaka tano si kazi ya fundi. Mwanamke mmoja mwenye mkoba mwekundu alikuwa wa kwanza kumaliza, naye hakuishia kwenye matundu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ufa huo naujua. Hiyo ndiyo diski niliyoonyeshwa mimi jana. Mliniambia ni ya kwangu!"

"Na mimi Jumatatu," akasema mzee mmoja nyuma yake. "Hiyohiyo. Nilionyeshwa, nikapewa na pole."

Kalamu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango gizani. "Jamani, diski zote zinafanana zikichakaa. Huyu ana chuki na mimi, aliniachia mteja kilema..."

"Mteja huyo ni mimi," akasema Mwalimu.

Hakupaza sauti. Alikuwa amefundisha miaka thelathini, alijua namna ya kunyamazisha watu bila kupaza sauti. Akanyoosha mkono, na Kalamu, asijue afanye nini, akampa diski. Mwalimu akaigeuza. Kutu ilikuwa nzito. Nukta akachukua brashi ya waya kwenye meza ya karibu, akamkabidhi, akarudi nyuma hatua mbili. Hakutaka mtu aseme mkono wake ulikuwa karibu.

Mwalimu alisugua. Vumbi jekundu lilimwangukia viatuni. Kisha akaacha, akapitisha ncha ya kidole pale, kama kipofu anayesoma.

"Moja," alisema. "Mbili." Akasogeza kidole. "Tatu."

Basi ikaja ile saa ambayo Nukta alilala nayo na kuamka nayo. Kalamu alikuwa mbele yake, jasho limemtoka juu ya mdomo, na maneno yote aliyoyapanga Nukta kwa miaka kumi na moja yalikuwepo, yamejipanga foleni. Akatumia machache tu.

"Lete karatasi, dada. Bwana, toa kalamu yako sikioni. Mstari wa kwanza, pedi: zimebaki nusu, ukate. Mstari wa pili, diski: ukate. Mstari wa nne umetoza kazi ya magurudumu manne, kazi ni ya mawili, andika nusu."

"Huwezi kuniamrisha kwenye gereji yangu."

"Kata," akasema Mwalimu.

Kalamu akakata. Wino ukapita nje ya mstari. Akaishusha kalamu kwenye mstari wa tatu, amekata tamaa, akaanza kuukata nao.

"Huo uache!" Nukta akasema kwa nguvu, watu wakashtuka. "Huo ni wa kweli. Silinda zinavuja, na bei uliyoandika ni ya haki, hata sokoni ni hiyohiyo. Mimi ndiye niliyekosea hapo, nimetoka kumtia dada yangu na Mwalimu mchangani kwa kutokuamini. Sasa weka sahihi."

Watu walimtazama Nukta, kisha wakamtazama Kalamu, na wakati huo ndipo Kalamu alipokwisha. Mtu aliyekuja kumwangamiza alikuwa amempa haki yake ya mstari mmoja mbele za watu, na sasa hakuna aliyetilia shaka mistari mingine. Mwanamke wa mkoba mwekundu alinyoosha kiganja. "Ufunguo wangu." Mzee wa Jumatatu akanyoosha chake. Benchi likawa tupu. Fundi aliyeleta diski akaanza kugawa funguo, macho yameelekea chini.

"Mwalimu, tuingie ofisini tuzungumze," Kalamu akanong'ona. "Tafadhali, mzee wangu."

"Siku ile ulizungumzia hapa nje, mbele ya polisi," Mwalimu akajibu. "Nao hao nitawapelekea hii, waje waizungumze hapa." Akaitia diski kwapani, ikampaka kutu kwenye kanzu, akatoka akijikongoja kwa fimbo.

Nukta alimtazama Kalamu mara ya mwisho. Alitegemea atasikia furaha kubwa, na furaha ilikuwepo, hakujidanganya. Ilikuwa tamu mpaka kwenye kucha. Lakini shati lilikuwa limeanza kumgandia mgongoni, na likamkumbusha.

Silinda walizinunua duka la ng'ambo ya barabara, kwa bei ya mstari wa tatu. Nukta alipiga jeki palepale mchangani, akazigonga drami zote mbili mpaka zikaachia. Ilikuwa nusu saa, kama alivyojua. Silinda za zamani alizitia nukta tatu kila moja kabla ya kuzitupa. Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini kwenye gurudumu na mmoja kwenye pedali. Dada yake alikuwa amekwenda kuokota mayai yaliyosalimika na hakutaka kuongea na mtu.

Mlango wa dereva ukafunguka. Mwalimu aliiweka diski sakafuni, akaketi, akainua mguu wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akautua juu ya pedali.

"Nifanyeje, fundi?"

Nukta aliweka spana tayari. Lilikuwa neno ambalo hakuna aliyemwita siku nyingi.

"Kanyaga, Mwalimu."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo." Mafuta yakatoka na mapovu. "Achia. Kanyaga tena."

Ng'ambo, magari yalikuwa yakitoka gereji moja baada ya jingine. Mwalimu alikanyaga mara ya saba, ya nane. Mara ya tisa pedali ikasimama katikati ya safari yake, ngumu kama inavyotakiwa, ikakataa kushuka.

"Imegoma," Mwalimu akasema.

"Tuirudie tena kutoka mwanzo," Nukta akajibu toka chini ya gari. "Safari hii sina haraka."